Msituzibie njia ya baharini

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme juu ya njia za kwenda ufukweni zinazozibwa hapa Tanga, ila naanza na mashairi. Kuna watu ukiwatajia mashairi ya Wordsworth, yule mshairi wa zamani wa Kiingereza, yale ya mito na maua na milima ya Uingereza, wanakwambia hayo mambo ya watu walioshiba, sie huku Tanga tuna shida zetu. Mie nasema wamsome vizuri. Yule bwana mama yake alikufa 1778 yeye hajatimiza hata miaka minane, baba nae akafuata 1783, halafu 1805 mdogo wake John aliyekua nahodha akazama na meli yake, kwahiyo anaposema mto na miti vimemfariji anaongea kama mtu aliyefiwa.

Shairi lake la 1798 la bonde la mto Wye ndo linanigusa zaidi. Anasema alikua akikaa peke yake vyumbani huko mijini, kelele kila upande, anaukumbuka ule mto ambao hajauona miaka mitano na moyo unatulia. Yaani kumbe ukishapaona mahali vizuri unaondoka napo, lakini lazima kwanza upaone! Na wala hatuhitaji Mwingereza atufundishe, Shaaban Robert wa hapa hapa kwetu alipofiwa na mkewe Amina alimfananisha na ua lililofunga baada ya kuchanua.

Sasa nenda hospitali ya Bombo jioni muda wa kuona wagonjwa ukiisha. Utaona kina mama wanatoka na vikapu na hotpoti tupu, hawapandi bodaboda moja kwa moja, wanakwenda kwanza kukaa upande wa baharini chini ya miti, hawaongei, mmoja anafuta macho na ncha ya kanga, maji yanakupwa, ngalawa zinarudi, baadae kidogo anajifunga kanga yake vizuri anasema haya jamani twendeni. Hakuna aliyemhubiria wala kumpa pole.

Tatizo ni hizi kuta zinazojengwa ufukweni. Njia uliyopita mwaka jana mwaka huu ina geti na mlinzi, wakati sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

Na hapa Wordsworth mwenyewe simuungi mkono. Mwaka 1844 aliandikia gazeti la Morning Post kupinga reli ya kwenda Windermere, kwao kwenye eneo la maziwa ya maji (Lake District), na moja ya sababu zake ni kwamba mafundi na vibarua wa mijini wakiletwa kule kwa wingi hawatafaidi kitu, eti kupenda mandhari kunataka mazoea ya muda mrefu. Alikosea sana, tena alijipinga mwenyewe maana kwenye kitabu chake cha kuwaongoza wageni wa maziwa hayo alishasema kule ni kama mali ya taifa, kila mwenye jicho la kuona na moyo wa kufurahi ana haki napo. Mie nashika hilo. Kuli wa bandarini aliyebeba magunia kutwa nzima jicho analo na moyo anao, na kupunga upepo anakuhitaji kuliko mwenye ghorofa.

Basi halmashauri wanapopima viwanja huko ufukweni waache njia za miguu za kufika majini, zichorwe kabisa kwenye ramani, na miti ya kivuli isikatwe. Na walimu wa fasihi siku moja moja wawatoe watoto madarasani wakasomee hayo mashairi ufukweni, Raskazone sio mbali.

Msomaji wenu,
Tanga