Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka huu tuongelee konokono

Ndugu zangu wanachama, habari za siku nyingi. Ada na hesabu mweka hazina atawasomea mwenyewe, mimi nataka niongelee mto tu, maana ndo uliotukutanisha huku Shiga, Japani.

Wengi mliojiunga mwaka huu mlikuja kuangalia vimulimuli mwezi wa 6, na siwalaumu, hata mimi nilianza hivohivo. Ila hawa vimulimuli wetu, kwa Kijapani hotaru, aina ya Genji, wakishaota mabawa wanaishi wiki moja au mbili tu, hawali kitu, wanakunywa umande basi. Maisha yao yenyewe yako chini ya maji, buu anakaa mtoni miezi kama 9 hivi akila konokono mdogo mweusi anaitwa kawanina, sasa konokono akifa na buu anakufa njaa, mwezi wa 6 mnakuja mnakuta giza.

Na hilo ndo lililotuuma vuli hii. Kuna watu walikuwa wanajenga pale juu wakaosha vifaa vya saruji kwenye mfereji, maji yakashuka meupe kama uji. Kesho yake nikaingia na gambuti, nikaokota kawanina mmoja nikamweka kiganjani, kifuniko chake kimelegea, ananuka. Nikaokota mwingine, hivohivo. Kwa kweli niliumia sana. Tuliongea nao, wameacha, lakini konokono hawarudi kwa kuombana msamaha.

Ndo likaja wazo kwenye kamati tununue mabuu tumwage mtoni. Nilikataa na bado nakataa. Kwanza watakula nini? Pili hotaru wa magharibi mwa Japani wanawaka kila sekunde 2 hivi, wa mashariki kila sekunde 4, ukileta wa mbali unachanganya mbegu ya hapa na huwezi kuitenganisha tena. Halafu tuangalie majirani zetu wa mji wa Moriyama, hotaru wao walitangazwa urithi wa asili wa taifa mwaka 1924, na 1960 wakafutwa kwenye orodha maana walishaisha, yaani tangazo lilikuwepo ila hotaru hawakuwepo.

Kitu kingine, msidhani tunatafuta maji ya kung'aa kama ya chupa. Mwongozo wa serikali ya Japani wa kupima mito kwa kuangalia wadudu unawaweka kawanina na hotaru wa Genji daraja la 2, yaani maji safi kiasi, sio la 1 la maji safi kabisa. Konokono anakula ukoga wa kwenye mawe na majani yaliyooza, mto uliosuguliwa kama sufuria haumfai. Kinachomuua ni sabuni, dawa za kwenye mashamba ya mpunga, na maji yaliyokosa oksijeni.

Tena maji peke yake hayatoshi. Wale tuliokesha Aprili kwenye mvua tulimwona buu anapanda ukingo, kamwanga kake ka kijani kanafifia kanarudi, anatafuta udongo laini ajifukie awe pupa, yaani hatua ya kabla ya kuota mabawa, amepanda ukuta wa zege mpaka juu kabisa akakuta lami. Alizunguka pale muda mrefu sana. Kwa hiyo ombi letu kwa manispaa ni ule upande wa mashariki wabakize udongo na nyasi, barua tumeshaandika, tunasubiri.

Kuanzia mwezi ujao kila Jumamosi ya kwanza tunahesabu kawanina, tunawahesabu na kuwaacha palepale, hakuna kubeba nyumbani. Njooni na gambuti na ndoo nyeupe, watoto pia waje.