Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania: mtoto analijua korongo, hana sentensi ya kulieleza

Ndugu Mkurugenzi,

Ninafundisha Jiografia na Mazingira darasa la nne hapa Kondoa. Tangu Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, tumezoea kuamini kwamba tatizo la lugha linamsubiri mtoto kidato cha kwanza, atakapokutana na Kiingereza. Kwangu linaanza mapema zaidi.

Chukua mada ya mmomonyoko wa udongo. Makorongo tunayo, mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika ili ardhi ipumzike. Mtoto akiwa nyumbani atakusimulia kwa Kirangi jinsi maji yalivyomega shamba la babu yake. Darasani ananikariria kwamba mmomonyoko ni kuondolewa kwa tabaka la juu la udongo. Muulize kwa nini ng'ombe waliondolewa, atajibu "malisho", basi. Kujua anajua. Kinachomshinda ni kuunga sababu na matokeo: "kwa kuwa", "hali iliyosababisha", "endapo". Kiswahili cha sokoni hakimpi hayo, na mwalimu wa somo la Kiswahili hawezi kuyabeba peke yake.

Naomba kiongozi cha mwalimu kioneshe, kwa kila mada, aina ya sentensi anazotarajiwa mwanafunzi kuzisema na kuziandika. Kiruhusu pia wajadiliane kwanza kwa lugha ya nyumbani. Mimi niliwatuma wawaulize wazee habari za 1979, kisha waandike kwa Kiswahili. Majibu yaligongana: wako waliosifu miti iliyorudi, wako ambao hadi leo wana uchungu na ng'ombe wao. Kuyaweka maneno ya babu wawili wasioafikiana katika aya moja kulidai "ilhali" na "hata hivyo", na watoto wenyewe ndio walioniuliza waandikeje.

Utauliza nani atasahihisha madaftari yote hayo. Wasomeane wawili wawili, mwalimu achukue machache kila wiki. (Kunakili ubaoni nako kunamaliza kipindi, wala sijasikia anayelalamika.)

Mitihani najua ni ya Baraza la Mitihani, NECTA, na maswali mengi ni ya kuchagua herufi. Lakini ninyi mnaweza kuzungumza nao. Waombeni swali moja tu la kueleza sababu kwa sentensi tatu. Likiwepo, walimu tutalifundishia bila kusubiri waraka.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa shule ya msingi, Kondoa