Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mabaraza Yetu juu ya Bioteknolojia, Maadili na Jamii

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa wanachama, walezi wa Jumuiya yetu, na ndugu zetu mliovuka bahari kutoka Pemba kuja kutusikiliza,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha mbele yenu taarifa ya mwaka unaomalizika. Hesabu zimekaguliwa na mshika fedha atazisoma baada yangu. Ada zimekusanywa vizuri, Pemba ikitangulia, na matawi yote mawili yamechagua viongozi wake bila ya mvutano. Kwa upande wa utawala hayo yanatosha. Muda uliobaki naomba niutumie kuelezea kazi ambayo Kamati Tendaji iliipa uzito mkubwa zaidi, nayo ni yale mabaraza yaliyowakutanisha madaktari, wataalamu wa maabara, mashekhe, wanasheria, wanahistoria, wakulima na wazazi, ili wazungumze pamoja kuhusu elimu ya vinasaba, yaani jeni zinazorithishwa kutoka kizazi hadi kizazi, na namna elimu hiyo inavyoingia katika maisha ya watu wa visiwa hivi.

Baadhi yenu mliuliza, na mna haki ya kuuliza, kwa nini Jumuiya itumie fedha zake kuwaketisha pamoja watu ambao kila mmoja ana lugha yake ya kazi. Kabla ya kueleza yaliyojiri kwetu, naomba nikumbushe mkutano mmoja mashuhuri. Mwezi wa Februari 1975 wanasayansi wapatao 140, Paul Berg akiwa miongoni mwa waandalizi, walikutana Asilomar, California, kujadili hatari za kuunganisha vinasaba vya viumbe tofauti. Walikuwa wameshasimamisha kwa hiari yao baadhi ya majaribio, jambo linalostahiki heshima, na wakatoka na masharti ya usalama yaliyoathiri kanuni za nchi nyingi. Lakini wengi mno wa waliokuwamo ukumbini walikuwa watu wa maabara, na mjadala ukabaki kwenye usalama wa maabara. Nani atanufaika, nani ataulizwa ridhaa yake, na nani atabeba hasara, ni masuala yaliyowekwa kando, na dunia bado inahangaika nayo. Sisi tulitaka kuanzia pale walipoachia.

Baraza la Tunguu lilihusu mbu. Karibu kila mzee aliyekuwapo alianza kwa kukumbusha mbung'o, na hilo lilitufaa sana, kwa sababu Unguja ina historia yake katika jambo hili. Kuanzia 1994 hadi 1997 madume ya mbung'o zaidi ya milioni 8, yaliyofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi ya gama, yaliangushwa kwa ndege juu ya kisiwa, baada ya wadudu wa porini kupunguzwa kwanza kwa dawa. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Likipandwa na dume tasa halizai tena. Mbung'o wa porini wa mwisho alinaswa 1996, na wafugaji waliokuwa wakipoteza ng'ombe kwa nagana, maradhi ya mifugo yanayoenezwa na mbung'o, wakaweza kufuga ng'ombe wa maziwa katika maeneo ambayo zamani hawakuthubutu. Mfugaji mmoja wa upande wa Jozani alitueleza namna vijisanduku vya karatasi vilivyokuwa vikiokotwa mashambani, na namna watoto wa skuli walivyoelezwa na walimu wao kwamba wadudu waliomo hawataleta maradhi. Mtaalamu wa wadudu aliyekaa karibu naye alikiri mbele yetu kwamba alikuwa amesoma habari za mionzi na hesabu za madume, lakini hakuwahi kufikiria kuwa kazi ile ilipita pia katika madarasa ya skuli.

Hapo ndipo tofauti ikabainika. Mdudu tasa wa mionzi hana kizazi. Ukiacha kumwachilia, habari yake imekwisha. Mbinu inayochunguzwa sasa kwa mbu wa malaria ni nyingine, kwani hulazimisha jeni iliyobadilishwa irithiwe na karibu watoto wote badala ya nusu yao, na kwa hiyo huweza kuenea yenyewe kizazi baada ya kizazi. Utafiti wa mbu waliobadilishwa jeni unafanyika Bagamoyo, ng'ambo tu ya mkondo, ndani ya maabara iliyofungwa, kwa ushirikiano wa Taasisi ya Afya ya Ifakara na Imperial College London. Nchini Burkina Faso madume tasa ya mbu waliobadilishwa jeni, wasio na uwezo huo wa kuenea, waliachiliwa katika kijiji cha Bana Julai 2019, na Agosti 2025 serikali ya nchi hiyo ikausimamisha mradi. Wanasayansi huvipenda visiwa kwa majaribio ya aina hii kwa kuwa bahari ni mpaka. Ni sababu nzuri ya kisayansi, lakini kwa anayeishi ndani ya mpaka huo ina uzito mwingine.

Mwanasheria wetu aliuliza ni nani atakayeweza kusema ndiyo kwa niaba ya kisiwa. Mgonjwa mmoja anaweza kuridhia au kukataa dawa. Mbu hachagui nyumba ya aliyeridhia. Aliongeza kuwa mazingira si suala la Muungano, ilhali mambo ya nje ni suala la Muungano, na kwamba Itifaki ya Cartagena ya usalama wa viumbe vilivyobadilishwa, iliyoanza kutumika 2003, inazifunga nchi na si shehia. Kwa hiyo ridhaa ya sheha, ya Baraza la Wawakilishi na ya Dodoma ni ngazi tatu ambazo mpangilio wake haujazungumzwa popote kwa uwazi. Hakuna daktari aliyekuwamo ambaye angelifikiria hilo peke yake, na mwanasheria naye asingelifika hapo bila ya kuelezwa kwanza namna jeni inavyorithiwa. Msimamo wangu, na ninausema kama mtu aliyezika jamaa kwa malaria, ni kwamba hatupaswi kuikataa mbinu hii kwa hofu, wala hatupaswi kuipokea kabla ya suala la ridhaa kupata jawabu.

Baraza la Chake Chake ndilo lililonigusa zaidi. Pemba imeutumikia utafiti wa afya kwa miaka mingi kuliko wengi wetu tunavyojua. Maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi imekuwapo tangu 2000, na Pemba ni miongoni mwa sehemu tatu, pamoja na Sylhet ya Bangladesh na Karachi ya Pakistan, ambako akina mama wajawazito walitoa sampuli za damu, za mkojo na za kondo la nyuma kwa ajili ya hazina ya utafiti wa uzazi. Aidha, jaribio la kuwapa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi 35 madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki lilifanyika Pemba. Agosti 2003 sehemu hiyo ya madini ya chuma ilisimamishwa kabla ya wakati, baada ya kamati ya ufuatiliaji kuona kwamba watoto waliopewa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kuugua vibaya na kulazwa, au kufariki. Matokeo yalichapishwa 2006 katika jarida la Lancet, yakabadilisha ushauri wa kimataifa kuhusu kuwapa watoto madini ya chuma kwenye maeneo ya malaria, na leo watoto wa nchi nyingi wamelindwa na elimu iliyopatikana kwa watoto wa Pemba.

Daktari alipomaliza kueleza hayo, kulikuwa na wazazi ukumbini waliosema kwamba wao ni mara yao ya kwanza kusikia kisiwa chao kilivyoufaa ulimwengu. Hawakukasirika, waliomba tu waambiwe. Ninaliona hili kuwa ni deni, na halitalipwa na takwimu za jarida. Mtu aliyetoa mwanawe kwa utafiti ana haki ya kurudishiwa habari kwa Kiswahili, katika shehia yake, akiwa hai.

Baadaye alisimama mkunga mkongwe wa upande wa Micheweni, akatengeneza ushungi wake, akauliza: «Kondo tunalizika. Hicho kipande mlichokichukua, nacho mtakizika lini?» Mtaalamu wa maabara, ambaye muda mfupi nyuma alikuwa ametuonesha picha za majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri, alieleza kuwa sampuli ya namna hiyo inaweza kuhifadhiwa miaka mingi na kutumiwa kwa maswali ambayo siku ya kuitoa hayakuwa yamefikiriwa. Shekhe akasema kwamba kukizika kilichotengana na mwili wa aliye hai ni jambo linalopendekezwa na wanazuoni wetu wa Kishafii, na kwamba kukichelewesha kwa manufaa ya matibabu kunaweza kuwa na udhuru, mradi heshima yake ihifadhiwe na mwenyewe awe ameridhia huku akielewa. Kutoka katika mazungumzo hayo tumeandaa mapendekezo ya namna fomu ya ridhaa inavyopaswa kuandikwa: iseme sampuli itakaa muda gani, itasafirishwa au la, na mwishowe itafanywa nini. Mapendekezo hayo yatapelekwa kwa kamati ya maadili ya utafiti wa afya Zanzibar baada ya nyinyi kuyaridhia leo.

Nilitaraji mashekhe wangekuja na makatazo. Haikuwa hivyo. Walikumbusha kuwa Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lililokutana Jeddah 1997, liliharamisha kumnakili binadamu, lakini likaruhusu uhandisi jeni katika vijidudu, mimea na wanyama kwa mipaka ya sharia na kwa ajili ya maslahi ya watu. Mfano uliowafikia wote ni wa insulini. Kwa miongo mingi wagonjwa wa sukari walidungwa insulini iliyotolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1978 wanasayansi waliweza kuifanya bakteria itengeneze insulini ya binadamu, na 1982 dawa hiyo ikaidhinishwa Marekani. Wazee waliokuwa na sukari mwilini na dukuduku moyoni walisikia kwamba uhandisi jeni, waliokuwa wakiuogopa, ndio uliowaondolea dukuduku hilo.

Baraza la historia na vinasaba, tulilolifanya Mji Mkongwe, lilijaza ukumbi hadi nje. Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa takriban baina ya 1250 na 1800, hasa katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Ulionesha kuwa kwa wengi wao asili ya Kiafrika ilipitia zaidi kwa akina mama na ya Asia, hasa ya Uajemi, zaidi kwa akina baba, na kwamba kuchanganyika kulianza kiasi cha mwaka 1000. Kwetu sisi hilo si jambo la makumbusho. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi yana tarehe ya 1107, jina la Mshirazi limo katika nasaba za watu wa Makunduchi na Tumbatu, na lilikuwamo katika jina la chama cha Afro-Shirazi kilichoundwa 1957. Matokeo kama haya yakiachwa yazungumzwe na maabara peke yake, kesho yatatumiwa kumwambia mtu kuwa yeye ni mwenyeji zaidi au mgeni zaidi kuliko jirani yake.

Mwanahistoria alieleza kwamba masimulizi ya wazee kuhusu Shirazi, ambayo yaliwahi kudharauliwa kuwa ni ngano za kujitafutia ubora, sasa yanapata ushahidi wa sehemu yake, na wakati huo huo akina mama wa Kiafrika, ambao masimulizi hayo hayakuwataja kwa majina, wamepata ushahidi wao. Kadhi mmoja mstaafu akaongeza kuwa nasaba katika sheria yetu hufuata ndoa, kwa hiyo kipimo hakina mamlaka ya kumvua mtu ukoo wake. Lililobaki bila ya mapatano ni makaburi. Wapo waliosema kuwa maiti wa Kiislamu asifukuliwe kwa sababu ya elimu, na wapo walioona kuwa mifupa iliyokwisha kufichuliwa na mmomonyoko wa pwani inaweza kuchunguzwa kisha ikazikwa upya. Sikulazimisha jawabu, na nashukuru kwamba waliotofautiana waliondoka wakiwa wameelewana sababu.

Kuhusu selimundu, maradhi ya damu ya kurithi, nitasema machache. Matibabu ya kuhariri jeni yaliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, ambako bei iliyotangazwa ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, ilhali inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa Tanzania kila mwaka wakiwa na maradhi haya. Wazazi wa Wete walitaka kujua lini hospitali zao zitakuwa na dawa za kawaida wakati wote na vipimo vya watoto wachanga, na nakubaliana nao kuwa hilo ndilo la kuanzia.

Baraza la mwani tulilifanya Paje siku za maji mafu, kwa kuwa siku za bamvua akina mama wako pwani. Mbegu walimayo zilitoka Ufilipino na kilimo cha biashara kilianza 1989; aina yenye bei nzuri inakufa kwa joto la maji, na katika miamba yetu upo mwani wa asili wa jamii hiyo hiyo unaoweza kufaa kuzalishia mbegu imara. Itifaki ya Nagoya ya 2010 inazungumzia kugawana manufaa ya rasilimali za aina hii, lakini wakulima hawakuwa wamepata kuisikia, na muda ulikwisha kabla ya kufika mbali. Baraza hili tutalirudia.

Kwa mwaka ujao Kamati Tendaji inaomba ridhaa yenu kwa mambo mawili: mapendekezo ya fomu ya ridhaa niliyoyaeleza, na fedha za kurudi Micheweni, Wete na Paje tukiwa na muhtasari wa Kiswahili wa kila lililozungumzwa, usomwe mbele ya masheha na wananchi na kupokea masahihisho yao. Rasimu zote mbili zimo katika makabrasha mliyopewa mlangoni.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti