Wauza spea za laptopu, tuandikieni namba nzima ya prosesa

Mheshimiwa mhariri, asalaam aleikum. Naomba nafasi kwenye gazeti lako nilitoe hili maana limenikaa moyoni wiki ya tatu sasa, na najua sipo peke yangu, walimu na wanafunzi wengi huku Pemba twatumia laptopu za mtumba na zikichoka spea twazifuata Unguja.

Mie mwalimu, nipo Wete. Laptopu yangu ina prosesa (chipu inayofanya kazi zote za hesabu) ya i3-2310M, toleo la mwaka 2011, ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi) nilishaongeza ikafika GB 8 na disk ya zamani nikaitoa nikatia SSD, ile disk mpya ya kasi (na anaelalamika laptopu yake nzito namwambia aanze na hayo mawili kwanza, ndiyo yanayoonekana zaidi na ni rahisi). Kuwaka ikawa inawaka upesi, lakini nikitengeneza video za masomo kwa watoto wa kidato cha nne inahema tu, video ya dakika kumi inachukua saa nzima kumaliza. Ndo nikaambiwa prosesa ya laptopu kama yangu inabadilishika, katafute i7, aina yenye nguvu zaidi.

Nikapanda boti Mkoani mpaka mjini, nikaingia duka moja nikamwambia kijana nataka i7 ya laptopu. Hakuniuliza laptopu gani. Akatoa moja kwenye droo akasema hii i7 hii mwalimu, inakwenda bila wasiwasi, nikalipa, na kwenye risiti akaandika "CPU i7" basi (CPU ndo hiyo prosesa), na chini yake pameshapigwa muhuri mali ikishauzwa hairejeshwi.

Nimerudi nikampelekea fundi Chake. Alipofungua ile laptopu, feni imejaa vumbi limeshikana kama pamba na pesti ya kupitishia joto juu ya prosesa imekauka imekuwa kama chaki. Akaichukua ile niliyonunua akaimulika na tochi ya simu, akasoma: i7-620M. Akaniangalia akasema mwalimu, hii ni kizazi cha kwanza, ya 2010, soketi yake, yaani pale inapokaa, ni G1, yako wewe ni kizazi cha pili na soketi ni G2. Zote mbili soketi za pini 988, ndo mana kwa macho unaziona ndugu, lakini mpangilio si mmoja na haikai. Akaniambia tukilazimisha tunapinda pini na soketi inakufa na hiyo laptopu yenyewe unaikosa. Nikamwambia acha.

Siku ile nilikaa pale kwa fundi mpaka magharibi nikijifunza kitu ambacho duka lingenieleza kwa dakika mbili. Kwamba "i7" si jina la kitu kimoja, kinachosema ni namba ya nyuma na herufi ya mwisho. Ikiwa mwisho ni M au QM, au MQ kwa kizazi cha nne, mara nyingi prosesa inachomoka kwenye soketi, ikiwa U au Y au HQ imeshachomewa kwenye madabodi (bodi kuu ya laptopu) kwa risasi na habari ya kubadilisha isahau, na Intel kuanzia kizazi cha tano za laptopu zote ni za kuchomewa. Kizazi cha nne chenyewe kina soketi yake nyengine, G3. Na hata M inataka uangalie, kuna prosesa zina jina lile lile zimetoka aina mbili, yenye pini na yenye vidonge vya risasi chini, kwa hiyo muuzaji aigeuze uione tumbo. Tena kukaa kwenye soketi si mwisho, kizazi cha tatu kinaingia G2 vizuri lakini laptopu nyingi zenye chipseti (chipu msaidizi ya madabodi) ya HM65 kama yangu bayosi yake, ile programu inayoiwasha, haikitambui, unawasha kioo kinabaki cheusi. Na watti pia, yangu ni ya watti 35, ukitia yenye kori nne (viini vinne vya kazi) ya watti 45 na feni ni ile ile ndogo, kwa joto letu hili la kaskazi unaikaanga.

Nikapiga simu dukani, jawabu ni soma risiti yako.

Fundi akanitafutia i7-2640M, na kabla hatujatuma pesa alitaka picha mbili, juu na chini. Ilipofika akafungua soketi kwa bisibisi bapa, nusu mzunguko tu, akaangalia kile kipembetatu cha dhahabu pembeni kikae sawa na alama ya soketi, akaiweka na ikazama yenyewe bila kuisukuma, akafunga, akatia pesti mpya kiasi cha punje ya mchele. Ikawaka mara ya kwanza. Ile video ya saa nzima sasa ni kama dakika 40, kwangu mie hiyo nafuu kubwa, watoto wanapata somo siku ile ile.

Sasa nawaomba wenye maduka ya Darajani, Mlandege na kwengineko. Mteja akija muulizeni laptopu gani na prosesa iliyomo namba gani, na kwenye risiti andikeni namba nzima mpaka herufi ya mwisho. Na mtu akirudi na kitu hakijatumika, pini zimenyooka na kimeuzwa si chake, mpokeeni, maana anaetoka Wete au Micheweni analipa boti kwenda na kurudi kabla hajafika kwenye bei ya spea. Ile i7-620M ninayo bado, nimeifunga kwenye foili haijaguswa, na nikija mjini mwezi ujao naipitisha pale dukani tena na risiti yake.

Mwalimu,
Wete, Pemba