Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Klabu ya Jinsia ya Wanafunzi

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atayasoma Mweka Hazina. Mimi nitazungumzia zaidi semina ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, maana ndiyo iliyotuonesha tulipo.

Tuliwasomea wanafunzi kisa: binti katumiwa nauli, kafika geto kwa kijana, wamepiga stori, kisha akakataa kulala naye. Kijana akamlazimisha. Nani mwenye kosa? Ukumbi ulijibu hata hatujamaliza kusoma: "Kajitakia! Geto alifuata nini?" Na waliopaza sauti zaidi walikuwa wasichana. Nadhani kumlaumu yule binti kunawapa matumaini kwamba wao, wakijiheshimu, hayatawakuta. Nawaelewa, lakini matumaini hayo ni ya uongo, na yanamfunga mdomo aliyekwisha kuumizwa ambaye huenda ameketi humo humo. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kinachohusu ubakaji, kinauliza kama mwanamke aliridhia. Hakiulizi nauli ilitoka kwa nani.

Kisa cha pili: kijana anadaiwa kodi, mama mwenye nyumba anamtaka kimwili ili asimtoe nje. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. "Zali hilo!" Kijana wa namna hiyo atamwambia nani, ikiwa kila mtu anaamini mwanaume hutaka wakati wote? Hata kifungu nilichokitaja kinamtambua mwanamke pekee kuwa ndiye anayebakwa. Na ni imani hiyo hiyo iliyomsamehe kijana wa kisa cha kwanza, eti alishindwa kujizuia.

Kuhusu rushwa ya ngono, tumebandika mabango yanayoeleza Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Mwalimu anayedai ngono ili atoe maksi anatenda kosa la jinai, na pa kumripoti ni TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kuzuia na kupambana na rushwa.

Kamati inapendekeza mwakani tuachane na semina ya ukumbi mzima. Twende hosteli kwa hosteli, makundi madogo, wavulana wakiongozwa na wavulana wenzao, kwani mbele ya umati kila mtu hujibu kinachoshangiliwa. Kila kiongozi wa hosteli awe na namba ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na ajue kuwa dawa za kujikinga na VVU lazima zianze ndani ya saa 72 tangu mtu abakwe, na kila saa inayookolewa ina faida.

Naomba mkutano huu ulipitishe pendekezo hilo leo, ili mafunzo ya waongozaji yaanze kabla wanafunzi wapya hawajaripoti.