Kofia ngumu ziuzwe kwa kipimo cha kichwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi tunaotumia pikipiki kila siku tunalijua vizuri, lakini halisikiki katika kampeni za usalama barabarani, nalo ni ukubwa wa kofia ngumu. Tunahimizwa kuzivaa, na trafiki wanatukamata tusipozivaa, ila ni nadra mtu kuuliza kama kofia tuliyouziwa inatutosha.

Ukipita katika maduka ya vipuri ya Kariakoo utaona biashara yenyewe inavyokwenda. Kofia zimetundikwa karibu na dari zikiwa ndani ya mifuko ya nailoni, na muuzaji hukushushia moja baada ya kukitazama kichwa chako kwa jicho tu. Ukiomba kujaribu ya pili anakunja uso, na ukisema inabana unaambiwa, "Itaachia tu, kaka, ivae wiki moja."

Ni kweli kwamba sponji laini ya mashavuni hulegea kidogo kwa kuvaliwa, kwa hiyo kofia mpya inayoyabana mashavu kiasi si lazima iwe ndogo. Lakini ile inayokandamiza paji la uso mahali pamoja hadi ikaacha alama, ikakuumiza kichwa kabla hujafika Ubungo, haitaachia kamwe, kwa sababu kinachobana hapo ni povu gumu la ndani, jeupe, kama lile linalofungiwa televisheni mpya. Povu hilo ndilo linalopondeka wakati wa ajali ili nguvu ya kishindo isifike yote kwenye ubongo. Hata hivyo nimeona mafundi wa vijiweni wakilichonga kwa kisu ili mteja apate nafasi, tena wanalipwa kwa kazi hiyo.

Kupima kichwa hakuhitaji utaalamu. Futi ya fundi cherehani ikizungushwa juu kidogo ya nyusi na masikio, ikapita kisogoni pale palipotokeza zaidi, itakupa sentimita: 57 hadi 58 kwa kawaida huwa ni M, na 59 hadi 60 ni L, ingawa viwanda hutofautiana. Namba peke yake haitoshi, kwa kuwa watu wawili wenye kipimo kimoja wanaweza kutofautiana umbo, mmoja kichwa chake kikiwa cha mviringo na mwingine kirefu kutoka mbele kwenda nyuma. Ndiyo maana kofia inapaswa kuvaliwa palepale dukani kwa dakika 10 au zaidi, mkanda ukiwa umefungwa. Ukitikisa kichwa, ngozi ya paji la uso isogee pamoja na kofia. Na mwenzako akiisukuma kutoka kisogoni kuelekea mbele, isivuke.

Kofia inayovuka kwa mkono itavuka pia kwenye lami, pengine kabla kichwa hakijagonga chini. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2008 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yalionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kifo kwa mwendesha pikipiki kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, lakini faida hiyo haiwezi kumfikia mtu ambaye kofia yake imebingirikia mtaroni. Wengi wanaoitundika kofia kwenye kioo cha pembeni na kuivaa wakimwona askari huitwa wakaidi, na wapo wakaidi kweli, lakini wengine wanakimbia maumivu.

Kwa abiria hali ni mbaya zaidi, kwani kofia moja ya bodaboda hutumika kwa mwanafunzi, kwa mama mwenye misuko minene na kwa mzee mwenye kipara. Dada zetu wanaovaa hijabu nao hulazimika kuiweka juu ya mtandio mzito, ikakaa juu juu tu bila kushika kichwa.

Naliomba Shirika la Viwango Tanzania lihakikishe kwamba kila kofia inayoingia sokoni inaonyesha ukubwa wake kwa sentimita, na waagizaji walete kofia za S na XL za kutosha badala ya kutujazia M. Wauzaji nao waweke mezani kofia za kujaribia, futi na kioo. Anayekataa bidhaa yake isijaribiwe, wanunuzi tumwache na mifuko yake ya nailoni, kwani Kariakoo maduka ni mengi.

Wako,
Mwendesha pikipiki,
Mbagala, Dar es Salaam