Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Neno "MPYA" kwenye Lebo Zetu

Ndugu wanachama,

Mahesabu mtasomewa na mweka hazina. Mimi nabaki kwenye lebo, kwa sababu ndiko maswali yalikozidi mwaka huu: lini msindikaji aandike "mpya" au "imeboreshwa", na lini ayaondoe.

Kiwango cha Afrika Mashariki EAS 38 kinakataza lebo ya uongo au ya kumpotosha mlaji. Kwa wanaouza nje kuna muda wa kuzingatia. Kanada, "mpya" hukaa mwaka mmoja. Marekani, mwongozo wa Tume ya Biashara ya Shirikisho kwa kawaida ni miezi 6, kuanzia bidhaa inapoingia sokoni rasmi. Mauzo ya majaribio hayahesabiwi. Kamati inashauri sote tufuate miezi 6, hata kwa soko la ndani.

Tatizo huanzia kwa mchapaji. Lebo 10,000 hutoka kwa bei nafuu, lakini anayeuza makopo 800 ya siagi ya karanga kwa mwezi atazimaliza baada ya mwaka na ushee. Hapo "mpya" imeshachakaa, na bado kuna makopo dukani. Lebo kuu ichapwe bila neno hilo. "MPYA" iwe stika ya pembeni. Kama kopo hukaa dukani miezi 2, imebaki 4 ya kubandika: stika 3,200, basi. Isifunike namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, uzito wala viambato. (Wapo wanaoibandika juu ya tarehe kabisa!)

Taja kilicho kipya. Kama ni kopo tu, andika "Kopo jipya". Ukiongeza asali, orodha ya viambato nayo ibadilike, kilichozidi uzito kikitangulia. Ukiongeza ufuta au maziwa, hiyo si habari ya tangazo tu. Mwenye mzio anaweza kudhurika. Kupunguza gramu 500 kuwa 400 halafu ukaandika "mpya" ni kumghilibu mteja, na kamati haitamtetea mtu kwa hilo.

"Imeboreshwa" inahitaji ushahidi: fomula ya zamani na ya sasa, zote zikiwa na tarehe, pamoja na matokeo ya vipimo au ya jopo la kuonja.

Kabla ya oda ijayo, leteni rasimu ya lebo kwa katibu, pamoja na idadi ya mauzo kwa mwezi na lebo zilizobaki stoo.

Mwenyekiti